Kura 184: Maisha ya Wakili Samuel Tilden

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama. Tunaichapisha kwa ukamilifu.)

Ndugu Mwenyekiti, wachungaji na wazee wa kanisa, akina mama na akina baba, na ninyi vijana mliosimama ukutani kwa kukosa viti:

Mada niliyopewa ni maisha ya mwanasiasa wa Marekani wa karne ya kumi na tisa, na nadhani waliotunga ratiba walitarajia nizungumze juu ya Abraham Lincoln. Lincoln naye alikuwa wakili, na habari zake mnazijua tangu shuleni. Mimi nimemchagua wakili mwingine, aliyezaliwa miaka mitano baada yake: tajiri, mwenye afya dhaifu, mkimya, mtu wa makaratasi. Jina lake ni Samuel Jones Tilden wa New York. Mwaka 1876 aligombea urais akapata zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa na wananchi, akampita mpinzani wake kwa kura zipatazo 250,000. Hakuapishwa. Hadi leo ndiye mtu pekee katika historia ya nchi hiyo aliyepata zaidi ya nusu ya kura za wananchi na bado akaukosa urais.

Wengi wakisikia hayo husema papo hapo kwamba aliibiwa. Naomba mnivumilie kidogo, maana swali la nani hasa aliyeibiwa katika uchaguzi ule ndilo lililonifanya nimchague, na jibu lake halitampendeza kila mtu.

Tilden alizaliwa tarehe 9 Februari 1814 katika mji mdogo wa New Lebanon. Baba yake alikuwa mkulima mwenye duka, na duka lile lilikuwa baraza la wanasiasa. Martin Van Buren, aliyekuja kuwa Rais mwaka 1837, alikuwa rafiki wa nyumba hiyo. Kijana Samuel alikulia katika mazungumzo ya wakubwa juu ya benki, kodi na uchaguzi, akaanza kuandika makala za siasa kabla ndevu hazijaota. Maradhi yalimkatiza masomo mara kwa mara, lakini alisomea sheria jijini New York na akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1841. Hakuoa maisha yake yote.

Utajiri wake ulitokana na reli. Katika miaka ya 1850 kampuni za reli zilikuwa zikianzishwa kwa pupa na kufilisika kwa pupa, na Tilden ndiye aliyeitwa kuzichambua hesabu, kuzipatanisha na wadai, kuziunganisha na kuzifufua. Fedha alizopata alizizungusha katika hisa na katika machimbo ya chuma. Maadui zake walidai kwamba alinawiri kwa hasara ya wenye hisa wadogo, na madai hayo hayakumwacha kamwe. Pia alishtakiwa na serikali kwamba hakulipa kodi yote ya mapato iliyompasa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kesi hiyo ilivuta miaka kadhaa, kisha ikaachwa. Nayasema haya mapema ili asiwepo atakayedhani nimewaletea malaika.

Sasa nije kwenye kazi iliyompa jina. Jiji la New York lilikuwa mikononi mwa kundi la watu wachache wa Chama cha Democratic, waliokuwa na makao yao katika chama cha mtaani kilichoitwa Tammany Hall. Kiongozi wao alikuwa William Tweed. Tweed hakuwa meya, wala hakuhitaji kuwa meya: alimweka meya, akamweka mdhibiti wa fedha, akawa na majaji wake. Kila hati ya malipo ya jiji iliongezwa juu, na ile nyongeza ikagawanywa. Jengo moja la mahakama (naomba mlitafakari hilo, jengo la mahakama!) liliwagharimu walipa kodi takriban dola milioni 13, mara nyingi zaidi ya thamani yake. Fundi mmoja wa kupiga plasta aliandikiwa dola 133,187 kwa kazi ya siku mbili.

Mtauliza, wananchi walikuwa wapi? Wananchi wengi walikuwa maskini, wahamiaji waliotoka Ireland na kwingineko, na Tweed aliwagawia makaa wakati wa baridi, akawapatia kazi, akawatembelea kwenye misiba. Serikali halali haikuwa imewafanyia hata hayo. Novemba 1871, magazeti yakiwa yamekwisha kuanika wizi wote, watu wa eneo lake walimchagua tena kuwa seneta wa jimbo. Anayetaka kupambana na ulaji wa namna hiyo asianze kwa kuwacheka waliokula makombo yake.

Na Tilden alikuwa wapi? Hapa pana doa. Tangu 1866 alikuwa mwenyekiti wa Chama cha Democratic katika jimbo zima la New York. Tweed alikuwa mtu wa chama chake. Katika uchaguzi wa 1868 jina la Tilden lilichapwa chini ya waraka uliotumika katika mipango ya udanganyifu wa kura. Yeye alisema hakuuandika wala hakuujua, na huenda ni kweli, lakini baada ya kusema hivyo hakumgusa aliyeutumia. Miaka mitatu ikapita. Waliothubutu kwanza walikuwa gazeti la The New York Times, lililochapisha hesabu za siri Julai 1871, na mchoraji wa katuni Thomas Nast, ambaye michoro yake ilieleweka hata kwa wasiojua kusoma. Walijaribiwa kwa hongo kubwa wote wawili, wakakataa. Mwenyekiti wa chama alijitokeza baada yao.

Lakini alipojitokeza alifanya jambo ambalo gazeti halikuweza kulifanya. Gazeti lilikuwa limeonyesha kwamba fedha zimelipwa kupita kiasi. Halikuwa limethibitisha zilikwenda mfukoni mwa nani. Septemba 1871 hati za malipo zikaibwa kutoka ofisi ya mdhibiti wa fedha. Watu wakafikiri ushahidi umekwisha. Mdhibiti mwenyewe, Richard Connolly, alipoona wenzake wanataka kumtoa kafara, alimwendea Tilden kuomba ushauri. Wakili yule akamwambia asijiuzulu, maana akijiuzulu nafasi yake ingejazwa na mtu mwingine wa kundi lile lile. Bali amteue naibu mwenye mamlaka kamili, mtu mwaminifu, Andrew Green. Kwa hila hiyo ya kisheria milango ya hazina ikafunguliwa kutoka ndani.

Kisha Tilden akaketi na vitabu vya Benki ya Broadway. Hati zilikuwa zimeibwa, lakini benki ilikuwa imeandika kila hundi iliyoingia na kila iliyotoka. Alilinganisha tarehe na tarehe, kiasi na kiasi, akaona kwamba mara mwanakandarasi alipolipwa na jiji, sehemu ya fedha ile ile ilihamia kwenye akaunti ya Tweed na wenzake kwa mafungu yanayofanana. Aliyapanga hayo katika majedwali, akayaapia mbele ya sheria mwezi Oktoba, na kabla mwezi haujaisha Tweed akakamatwa. Baadaye Tweed alihukumiwa, akatoroka hadi Hispania, akarudishwa, akafia gerezani mwaka 1878.

Mimi hupenda sehemu hii kuliko nyingine zote za maisha yake. Hapakuwa na maandamano, wala risasi, wala hotuba ya kusisimua. Sauti yake yenyewe, wasema, ilikuwa hafifu. Palikuwa na mtu mwenye subira aliyejua kwamba mwizi wa mali ya umma huacha nyayo kwenye karatasi, na kwamba nyayo zikifutwa mahali pamoja hubaki mahali pengine. Mwaka 1872 alikwenda katika bunge la jimbo akashughulikia majaji wa Tweed: mmoja akaondolewa, mwingine akajiuzulu. Mwaka 1874 akachaguliwa gavana, na mwaka uliofuata akalivunja kundi jingine, la wanasiasa na wanakandarasi waliokuwa wakijilipa kwa matengenezo hewa ya mifereji ya usafiri ya jimbo, watu wa vyama vyote viwili safari hii.

Ndiyo maana Juni 1876 Chama cha Democratic kilimteua agombee urais. Taifa lilikuwa likisherehekea miaka 100 ya uhuru, uchumi ulikuwa umeanguka tangu 1873, na Chama cha Republican, kilichokuwa ikulu tangu 1861, kilinuka kashfa. Mpinzani wake alikuwa Rutherford Hayes, gavana wa Ohio. Tarehe 7 Novemba walipiga kura watu zaidi ya asilimia 80 ya waliostahili.

Hapo inabidi nieleze utaratibu wao kwa ufupi. Rais wa Marekani hachaguliwi moja kwa moja na wananchi. Kila jimbo huchagua wajumbe, na wajumbe hao ndio wanaompigia rais kura. Mwaka ule wajumbe walikuwa 369. Wa kushinda alihitaji 185. Tilden alikuwa na 184 zisizobishaniwa. Hayes alikuwa na 165. Zilibaki 20: moja ya Oregon, iliyohusu kasoro ya mjumbe mmoja, na 19 za majimbo matatu ya Kusini, yaani Florida, Louisiana na South Carolina. Tilden alipungukiwa na kura moja. Hayes alizihitaji zote 20.

Katika majimbo yale matatu serikali zilikuwa bado za Republican, zikilindwa na askari wa serikali kuu, na kila moja ilikuwa na bodi ya kuhakiki matokeo yenye uwezo wa kufuta kura za mahali palipokuwa na fujo au udanganyifu. Kabla ya mapambazuko viongozi wa Republican walipeleka simu za maandishi huko Kusini: shikilieni jimbo lenu. Bodi zikafuta maelfu ya kura za Tilden. Yeyote anayesoma historia hii akaishia hapo hufunga kitabu akisema: wizi mtupu.

Lakini tusifunge kitabu. Kwa nini bodi zilikuwa na sababu ya kufuta kura? Kwa sababu kulikuwa na fujo kweli, na fujo hiyo ilifanywa kwa ajili ya Tilden. Watumwa walikuwa wamekombolewa, na tangu 1870 Katiba iliwahakikishia wanaume weusi haki ya kupiga kura bila kujali rangi. Walikipigia chama cha Lincoln. Wazungu wa Chama cha Democratic waliunda vikosi vya bunduki, wakapita vijijini usiku, wakawapiga na kuwaua viongozi wao. Mwezi Julai wa mwaka ule ule, mahali paitwapo Hamburg, South Carolina, kundi la wazungu liliwashambulia askari weusi wa mgambo na kuwaua watu weusi sita, baadhi wakiwa wamekwisha kukamatwa na kutiwa mikononi mwao. Siku ya uchaguzi katika jimbo hilo hesabu ya kura zilizopigwa ilizidi hesabu ya watu waliostahili kupiga.

Kwa hiyo, ndugu zangu, upande mmoja uliwazuia watu wasifike kwenye sanduku, na upande wa pili ukalisahihisha sanduku baadaye. Haiwezekani kusema kwa hakika nani angeshinda majimbo yale kama kila mtu angepiga kura kwa amani na kila kura ikahesabiwa. Tilden hakuwatuma wale wenye bunduki. Lakini alikuwa mkuu wa chama chao, aliyapokea matunda ya kazi yao, na kwa miaka mingi alikuwa amezipinga hatua za Kongresi za kuilinda kura ya mtu mweusi. Mtu aliyeweza kufuata hundi moja kutoka akaunti hadi akaunti hakufuata damu ya Hamburg ilikotoka.

Hata nyumbani kwake mambo hayakuwa safi. Mwaka 1878 gazeti la New-York Tribune lilifichua simu za mafumbo zilizokuwa zimepelekwa wakati wa mgogoro. Mpwa wake, William Pelton, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, alikuwa amejadiliana bei ya kuzinunua bodi za Kusini. Tilden aliapa mbele ya kamati ya Kongresi kwamba hakuwa na habari, wala haikuthibitishwa kinyume chake.

Turudi kwenye majira ya baridi ya 1876. Kutoka majimbo yenye ubishi zilifika hati mbili mbili, kila upande na yake. Katiba yao ilisema kwamba hati zitafunguliwa na Rais wa Seneti mbele ya mabaraza yote mawili, na kura zitahesabiwa. Sisi tusemao Kiswahili twalijua tatizo la kitenzi cha namna hiyo. Zitahesabiwa na nani? Katiba haikutaja. Seneti ilikuwa ya Republican, Baraza la Wawakilishi lilikuwa la Democratic, na neno moja lisilo na mtendaji likaning'iniza taifa zima.

Wafuasi wa Tilden walipiga kelele mitaani: Tilden au damu! Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha miaka kumi na moja tu iliyopita, na wengi wa waliopaza sauti walikuwa askari wa zamani wenye silaha zao. Tilden alikataa. Badala yake alijifungia na vitabu zaidi ya mwezi mmoja, akitayarisha historia ya jinsi kura za urais zilivyohesabiwa tangu mwanzo wa Jamhuri, ili kuthibitisha kwamba Rais wa Seneti hakuwa na mamlaka ya kuchagua hati aipendayo. Hoja ilikuwa madhubuti. Wenzake walikuwa wakisubiri amri, yeye akawapa utafiti. Mbinu iliyomwangusha Tweed ilihitaji jaji wa kuusikiliza ushahidi. Safari hii mwenye kuamua alikuwa ndiye mshindani.

Wabunge wakaamua bila yeye. Mwezi Januari 1877 walitunga sheria ya kuunda tume ya watu 15: maseneta watano, wawakilishi watano, majaji watano wa Mahakama ya Juu Kabisa. Saba walikuwa wa upande huu, saba wa upande ule, na wa kumi na tano alitarajiwa kuwa Jaji David Davis, asiye na chama. Ndipo bunge la jimbo la Illinois, kwa kura za watu wa Democratic wenyewe, likamchagua Davis kuwa seneta. Akajitoa kwenye tume. Nafasi yake ikachukuliwa na Jaji Joseph Bradley wa Republican, na kila ubishi mkubwa ukaamuliwa kwa kura nane dhidi ya saba. Sijui kama kuna chama kilichowahi kujikata mguu kwa shoka lake vizuri zaidi ya hapo.

Watu wa Democratic bado waliweza kuchelewesha hesabu bungeni, na walichelewesha, mpaka wenzao wa Kusini walipopata walichokitaka. Mwishoni mwa Februari wajumbe wa pande mbili walikutana katika hoteli ya Wormley, jijini Washington. Hayes apewe urais. Naye awaondoe askari waliozilinda serikali za Republican huko Kusini. Mwenye hoteli ile, James Wormley, alikuwa mtu mweusi. Makubaliano ya kuwaacha watu wake bila ulinzi yalizungumzwa chini ya paa lake.

Alfajiri ya tarehe 2 Machi 1877 matokeo yakatangazwa: Hayes 185, Tilden 184. Mwezi Aprili askari waliondoka kwenye majengo ya serikali ya South Carolina na Louisiana. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Mwaka ule nyasi ziliumia tembo walipopatana. Mwaka 1896 Louisiana ilikuwa na wapiga kura weusi walioandikishwa zaidi ya 130,000. Mwaka 1904, baada ya katiba mpya ya jimbo, walibaki wapatao 1,300. Wajukuu wao walingoja Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965. Utaratibu wa kuhesabu, uliotungiwa sheria mwaka 1887, uliendelea kuwa na mianya hata ukarekebishwa tena mwaka 2022, baada ya wafuasi wa mgombea aliyeshindwa kuvamia jengo la Kongresi Januari 2021.

Nimeulizwa mara nyingi kama Tilden alifanya vema kunyamaza. Mimi naamini alifanya vema kukataa vita. Maelfu ya vijana walizeeka kwa sababu ya ukimya wake. Nisichoweza kumsamehe ni kwamba ukimya huo ulikuwa mpana mno. Aliikubali tume asiyoipenda, na walipokaa watu wa chama chake kuuza ulinzi wa wapiga kura wengine, hakusema neno kwa ajili ya wale waliouzwa. Alijihesabu kuwa ndiye aliyedhulumiwa. Kwa kura 20 za wajumbe, labda. Yeye alirudi kwenye nyumba yake nzuri ya Gramercy Park.

Alikataa kugombea tena mwaka 1880, akafariki tarehe 4 Agosti 1886 katika shamba lake la Greystone, karibu na Yonkers. Sehemu kubwa ya mali yake, mamilioni kadhaa ya dola, aliiusia ianzishe maktaba ya bure kwa watu wa New York. Jamaa zake wakaupinga wasia mahakamani. Mwaka 1891 mahakama ya rufani ya jimbo ikasema kifungu kile hakikuandikwa kwa namna inayokubalika kisheria; hakikuwataja wanufaika kwa uwazi wa kutosha. Wakili mashuhuri wa makaratasi akashindwa kwa karatasi yake mwenyewe.

Ila mjukuu mmoja wa dada yake alikubali mapatano, na dola zipatazo milioni mbili zikaokolewa. Mwaka 1895 fedha hizo ziliunganishwa na maktaba mbili za zamani, za Astor na Lenox, ikazaliwa Maktaba ya Umma ya New York. Jengo lake kuu lilifunguliwa mwaka 1911, na jina la Tilden limechongwa kwenye ukuta wa mbele. Mtu yeyote huingia bila malipo, wa rangi yoyote na wa chama chochote, na humo ndani anaweza kusoma habari za Tweed, za Hamburg na za kura 184.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Naona mikono imekwisha kuinuliwa kule nyuma.